Mama Yako Hajaja Dar Kuona Ngazi za Umeme

Pasaka imepita, wazazi wamerudi mikoani, na simu zetu bado zimejaa klipu za mama za watu. Naenda moja kwa moja kwenye pointi maana hili limenikaa kooni tangu Ijumaa Kuu, na najua kuna watu nitawakera. Mkereke tu.

Kuna huyu mdada, jina kapuni, mnamjua wenyewe, wa yale matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Wafuasi laki kadhaa. Mama yake alikuja kutoka mkoani, akafika Ijumaa, akaondoka Jumatatu. Jumapili jioni sikuwa na kazi ya maana nikakaa nikahesabu: klipu 17. Mama yuko kwenye gari. Mama anavalishwa miwani ya jua ndani ya mgahawa. Mama anakula piza kwa kijiko. Halafu ile moja. Mama anafikishwa kwenye ngazi za umeme kwenye jengo la maduka, anaweka mguu, anashtuka, anarudi nyuma, anamng'ang'ania mlinzi mkono, na binti yake nyuma ya kamera anacheka mpaka picha inatikisika. Hiyo ndiyo iliyotembea nchi nzima. Watu wameiigiza TikTok, na kuna wajinga wametengeneza stika za WhatsApp zenye sura ya yule mama mdomo wazi.

Sasa sikilizeni. Mtu anayeifahamu ile familia kaniambia yule mama ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao. Hela za wanawake wenzake wote zinapita mkononi mwake na haijawahi kupotea hata mia. Ndoa za watu zikiyumba, yeye ndiye anaitwa. Leo mama huyo amerudi kwake, na vitoto vya jirani ambavyo vilikuwa vinamwamkia kwa kupiga goti vina stika yake kwenye simu. Binti amepata wafuasi wapya na labda dili la miwani. Mama amepata nini?

Na msiniambie "ni upendo tu, anamfurahisha mama yake". Kumfurahisha kunaonekana. Angalieni zile klipu tena bila sauti, mziki ndo unawadanganya. Mama anacheka mara mbili tu, na zote mbili anacheka kwa kuangalia kama binti ameshamaliza kurekodi. Nchi hii tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sisemi mama akamshitaki mwanae, sijafika huko, nasema tu kwamba hata wabunge walikaa wakakubaliana taarifa za mtu ni za mtu. Yule mama nani alimuuliza?

Lakini hasira yangu kubwa haipo kwenye kamera. Kamera ni dalili tu. Katika klipu zote 17, hakuna hata moja iliyopigwa nyumbani kwa huyo mdada. Hotelini ipo, ufukweni ipo, saluni zipo tatu. Kwake anapolala kila siku, hakuna. Mama amekaa Dar siku nne na amerudi hajui mwanae anaishi wapi.

Na hapo ndipo nakuja kwenu nyote, sio kwa huyo peke yake.

Hakuna mzazi anayepanda basi saa kumi na mbili asubuhi Singida ili akaone ngazi. Amekuja kukuona wewe. Na wewe kukuona maana yake sio sura, sura anaiona kwenye simu kila siku. Anataka kuona unalala wapi. Mzazi akiingia kwako anakagua kama bwana afya. Anafunua sufuria. Anabonyeza godoro kwa ngumi, kama hajakuambia ujue kalipitisha. Anauliza maji mnachota wapi, umeme mnagawana vipi, huyo wa chumba cha mbele anafanya kazi gani. Anamsalimia mama mwenye nyumba, wanakaa kwenye ngazi dakika kumi, na katika hizo dakika kumi ameshajua unarudi saa ngapi, unalewa au hulewi, kodi unalipa kwa wakati au unafuatwafuatwa. Ataangalia viatu vilivyopo mlangoni ni vya watu wangapi. Mwisho, na hili hasemi kwa sauti, anapima kitu kimoja: huyu mwanangu akizidiwa usiku, nani atamsikia?

Hiyo ndiyo safari. Hayo mengine yote, mihogo ya Coco, juisi ya miwa, picha kwenye daraja la Tanzanite, ni mboga tu, ugali ni chumba chako.

Sasa nyie mnawapa mboga siku nne mfululizo, halafu mnashangaa kwa nini mama anaondoka mnyonge.

Nimpe mwingine, huyu ni msanii. Simtaji, ila ni wa wale waliotamba na wimbo mmoja, kisha wakaendelea kutamba na picha. Baba yake ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mzee alipotaka kuja wikiendi ndefu, jamaa akapanga apatimenti ya kulala kwa siku, upande wa Mikocheni, siku tatu, akampokea mzee pale kama ndiyo kwake. Akatundika na picha yake ukutani, fikiria. Jamaa aliyemsaidia kubeba hiyo picha ndiye kanipa hii habari, na alikuwepo ukumbini.

Mzee kaomba maji ya kunywa. Kitu cha kawaida kabisa. Kijana kafungua kabati la kwanza, sahani. La pili, masufuria. La tatu, chumvi na karatasi ngumu imepigwa plastiki. Bilauri hazionekani. Mwenye nyumba hajui bilauri zake zilipo! Mzee kasimama, kaja jikoni, kaichukua ile karatasi, kavaa miwani. Mwalimu huyo, anasoma chochote chenye maandishi. Ilikuwa ni maelekezo kwa wageni: takataka uweke wapi, neno la siri la intaneti, na muda wa kutoka siku ya mwisho ni saa nne asubuhi. Kaisoma yote mpaka chini, kairudisha kabatini vizuri. Akanywa maji kwa kikombe cha kuwekea miswaki. Kisha akamuuliza mwanae taratibu, "Na wewe baba, muda wako wa kutoka ni saa ngapi?"

Jamaa anasema pale ukumbini hakuna aliyecheka.

Mzee hakugomba. Alikaa siku zake, akala, akashukuru, akaondoka. Mimi ningekuwa yule msanii ningetamani angegomba. Huyu ni mtu aliyefundisha watoto wa wenzake kujumlisha miaka zaidi ya thelathini, kweli unadhani hajumlishi? Na ujue jamaa anakaa Tabata, nyumba safi tu, vyumba viwili, sebule, jiko. Hana aibu yoyote ya kweli ya kuificha. Alichoficha ni kwamba yeye ni mtu wa kawaida, na anayemficha ndiye aliyemkata kitovu cha ukawaida huo.

Mnasema tunafanya hivi ili wazee wasipate presha. Uongo. Mnafanya hivi ili nyie msipate presha. Na tuongee hesabu sasa, maana hapa ndipo watu wengi hawaoni wanavyojichimbia shimo.

Kila wikiendi ndefu mnalia kwenye mitandao: wazazi wanaomba sana, kila mwezi bati, kila mwezi ada ya mdogo wako, kila mwezi mchango wa harusi ya binamu usiyemjua. "Nyumbani wananiona mimi ATM." Ndugu yangu, ni nani kawaambia wewe ni ATM? Ni wewe. Ulimlaza baba kwenye nyumba yenye lifti. Ulimlisha mama samaki wa bei ya gunia la mahindi. Ulikodi gari siku tatu ukamwambia ni la ofisini. Yeye karudi, kakaa na wadogo zake chini ya mwembe, kawaeleza alichoona kwa macho yake. Hakuongeza chumvi. Sasa mjomba akipungukiwa milioni ya matibabu, unataka ampigie nani? Ukijibu "sina", kwa macho ya kijiji kizima wewe ni mchoyo. Yaani umelipa hela zako mwenyewe ili uitwe mchoyo.

Mzazi aliyeona chumba chako kimoja, kitanda, jiko la gesi dogo na ndoo mbili za maji, haombi milioni. Wengine ndio kwanza wanakutumia unga. Nimeona. Kuna mama wa Iringa alikaa kwa kijana wake Mbagala siku tatu, alivyorudi akatuma gunia la viazi kwa basi, na ujumbe kwamba ada ya mdogo wake watajibana wenyewe mpaka akae sawa. Kijana alikaa kimya wiki nzima. Hakujua miaka yote hiyo angeweza kusaidiwa.

Na kuna upande mwingine mbaya zaidi, huu sicheki nao.

Nina mshkaji, Kimara. Kwao walijua anafanya kazi ofisini, kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Ukweli alikuwa anauza kava za simu Kariakoo, kazi halali kabisa na alikuwa anaifanya vizuri. Mama yake alikuja mapumziko ya Desemba, jamaa akampanga kwenye nyumba ya rafiki yake Sinza, rafiki kasafiri. Siku tatu za raha, picha zipo. Miezi michache baadaye jamaa kaugua ghafla, majirani wakambeba usiku, kalazwa. Mwenye nyumba kachukua simu yake, kapiga namba iliyoandikwa Mama. Mama kapanda basi siku hiyo hiyo. Kafika stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, simu ya mwanae imeisha chaji, ya mwenye nyumba hakuihifadhi. Dereva bajaji anamuuliza, mama, mwanao anaishi wapi? Akasema Sinza. Alienda Sinza, mpaka kwenye ile nyumba, akagonga, akafunguliwa na watu wasiomjua mwanae kwa jina la nyumbani.

Alilala kwenye benchi la zahanati ya jirani pale, nesi alimwonea huruma. Amempata mwanae kesho yake saa nane mchana. Jamaa alipona, mzima sasa hivi. Lakini mama alikuwa umbali wa kiti kimoja cha bajaji kutoka kwa mtoto wake anayeumwa, na hakujua ageukie kulia au kushoto, kwa sababu alipokuja kutembea alitembezwa kwenye mchezo wa kuigiza.

Siku nne za kutembelewa na mzazi mjini kazi yake ni hii pia. Akirudi awe na ramani kichwani. Ukitoka kituoni, pale kwenye duka la dawa, kata, nyumba ya geti la bluu. Akujue mpaka mlangoni.

Najua mtakachoandika kwenye komenti, nishaanza kuwasikia. "Geto langu ni chumba kimoja, mzee atalala wapi?" Kitandani. Wewe mkekani. Kwani kwao ulilala wapi miaka 18? "Choo tunachangia wapangaji nane." Baba yako amejisaidia porini, jeshini na kwenye treni, choo cha wapangaji nane hakimtishi, kioshe tu asubuhi kabla hajaamka. "Mtaa wetu una kelele, kuna baa." Atalalamika, ndiyo. Atalalamika kwa furaha, na atakuwa na cha kusimulia.

Kuna sababu moja nawaelewa. Wale mnaoishi na mtu ambaye nyumbani hawamjui. Hapo hata mimi nashusha sauti, maana mama anaweza kuingia ndani akakuta mashati ya mwanaume na akageukia mlangoni. Mila zetu tunazijua, dini zetu tunazijua. Ila hata hapo, kumpanga mama hotelini na kumdanganya unaishi peke yako sehemu nyingine ni kuahirisha tu. Alale kwa shangazi yake, sawa, hakuna ubaya, lakini mchana aje aone nyumba. Na huyo mwenzako avae shati la mikono mirefu, aamkie, apike hata chai. Kuna ndoa zimeanzia kwenye chai ya namna hiyo. Mwanaume anayekimbilia kijiweni siku mama yako anapokuja, tayari amekujibu swali lako.

Nyie mnaotoka familia za watoto wanne watano wote mpo mjini, nanyi msijifiche nyuma ya mastaa. Mzee akitangaza anakuja, kundi la familia WhatsApp linapata ukimya wa ajabu. Ticki za bluu, hakuna anayejibu. Mwisho dada mkubwa anaandika, "Tujipange." Mzee anagawanywa kama zamu ya ulinzi: Ijumaa kwa kaka, Jumamosi kwa fulani, Jumapili mchana kwa yule mwenye gari. Begi linabebwa juu chini kutoka Gongo la Mboto kwenda Bunju. Mzee wa watu mwenye goti bovu anakaa kwenye foleni kuliko anavyokaa kwenye kiti. Mwenye gari ndiye anayepanga ratiba, mwenye hela ndiye anayeonekana kwenye picha, na kuna kale kabinti, kitinda mimba, kasiko na kazi ya kueleweka, ambako ndiko kanapika, kanafua, kanampaka mama dawa ya mgongo usiku. Kwenye picha ya pamoja hako ndiko kanakopiga.

Na nauli? Treni ya SGR ya kawaida kutoka Dodoma mpaka Dar ni shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000 kwa mtu mmoja. Nawauliza nyie wanne, kila mtu ajibu moyoni: ni nani aliyelipa? Kwa familia ninazozijua mimi, mzee amelipa mwenyewe. Kauza majogoo. Na juu ya hapo kaja na kiroba cha unga, karanga, kuku mzima aliyefungwa miguu, na mafuta ya alizeti ndoo nzima. Piga hesabu ya huo mzigo, halafu piga hesabu ya soda na chipsi ulizomnunulia. Mzazi amekuja kukutembelea na amekuachia zaidi ya alichokula, na wewe umepost "Nimewaleta wazazi Dar kula bata". Umewaleta kwa nini, kwa maneno?

Tena tuache kuwachukulia wazee kama vile mji huu wanauona mara ya kwanza. Hilo linanikera kuliko hata zile ngazi. Wengi wao waliishi hapa kabla hujazaliwa. Mzee wangu alikuja Sabasaba, na kabla hajamaliza chai akasema anataka Keko. Keko! Hakutaka ufukwe. Alipanga chumba pale mwanzoni mwa miaka ya 80, kuli wa bandarini, kijana mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Aliondoka 1983, mwaka wa ile Nguvukazi, serikali ilipokuwa inawarudisha vijana wasio na kazi vijijini. Vibarua vilikuwa vimekata, akaona aondoke kwa miguu yake kabla hajaondolewa.

Tukaenda. Chumba hakipo, kuna karakana ya masofa, si mnajua Keko na masofa. Mzee akakaa kwenye sofa moja jekundu la mtu, akaegemea, akaanza kupatana bei na fundi kwa umakini kabisa, robo saa nzima, wakati kwao sebuleni halipiti hata mlangoni. Fundi alipojua kuwa mzee alikuwa analala pale pale sofa lilipo, akaagiza kahawa. Hapo nikasikia mambo ambayo sijawahi kuyasikia: nani alikuwa anamkopesha ugali, msichana gani alimkataa, alivyotembea kwa miguu kutoka bandarini mpaka Keko siku mabasi ya UDA yamegoma kupita. Baadaye tulishuka mjini, kwenye Mnara wa Saa akanipa somo kwamba ulijengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Mimi napita pale kila wiki nilidhani ni urembo tu. Tukapanda kivuko cha Magogoni, shilingi 200 kila mtu, kwenda na kurudi, hatukuwa na shughuli yoyote Kigamboni, alitaka tu kusimama pembeni aone meli alizowahi kupakua zimekuwa kubwa kiasi gani. Siku nzima tumetumia hela isiyofika piza moja ya yule mdada. Klipu sina hata moja, mzee alisema simu iweke mfukoni itadondoka majini.

Kwa hiyo muulizeni mzee anataka kwenda wapi. Utashangaa. Mmoja atasema anataka kusali Azania Front, maana ameliona kanisa lile kwenye kalenda maisha yake yote. Mwingine makumbusho, aone habari za yule Zinjanthropus wa Olduvai wa 1959 aliyekuwa anawafundisha wanafunzi. Mwingine atasema hataki kwenda popote, anataka alale mchana kwako huku wewe upo, umekaa. Hiyo nayo ni ratiba. Kwa wazee wengi ndiyo ratiba yenyewe, kusikia mtoto wake anatembeatembea ndani.

Picha pigeni, mimi sio adui wa picha. Mzee amevaa koti lake, mpige, msafishie, mtundikie. Ila ile ya kuchekesha baki nayo, au mwonyeshe kwanza yeye. Akisema futa, futa. Yule mdada bado hajafuta na nimeona Jumanne kaibandika tena juu kabisa ya ukurasa wake ili isipotee.

Nakuja kuona mapumziko ya Sabasaba mtafanya nini. Kalenda mnazo. Mpigie mzee leo, mwambie chumba ni kimoja, choo kipo nje, aje na shuka lake akipenda. Nauli mtumie kabla hajauza kuku. Akifika mpokee mwenyewe stendi, usimtume bodaboda.

Na ile ndoo ya mafuta ya alizeti, mafuta mimina kwenye chupa zako, ndoo mrudishie. Mama hajasema kitu, lakini ameshaiona ipo chini ya kitanda na umeweka viatu.